Siku Mbili Katika Mji wa Lisbon

Kila mtoto aliyesoma shule katika pwani yetu amefundishwa kwamba Vasco da Gama, nahodha Mreno, alifika Mombasa mwezi wa Aprili mwaka 1498, kisha akaenda Malindi. Lakini ni wachache kati yetu waliopata kuuona mji alikotoka. Mimi nilijaliwa kuuona mwezi wa Juni mwaka 2023, nilipokwenda kumtembelea mpwa wangu anayesoma huko Ulaya. Tulikaa Lisbon siku mbili tu, Jumamosi na Jumapili. Hapa nawaeleza wasomaji tuliyoyaona na tuliyoyala, maana mji huo watuhusu sisi watu wa pwani kuliko tunavyodhani.

Lisbon umejengwa juu ya vilima, karibu na mahali mto Tejo unapoingia baharini. Njia zake nyingi ni nyembamba na za kupanda, nazo hupitiwa na tramu, yaani magari ya umeme yaendayo juu ya reli barabarani. Asubuhi ya Jumamosi tulipanda tramu nambari 28, gari dogo la rangi ya manjano, likatuchukua hata mtaa wa Alfama. Mgeni na aushike mfuko wake vizuri, kwa kuwa wezi wa mifukoni huipenda tramu hiyo kama wageni wanavyoipenda.

Alfama ilinikumbusha Mji wa Kale wa Mombasa: vichochoro, nguo zilizoanikwa madirishani, na wazee waliokaa milangoni wakizungumza. Wala si ajabu. Waislamu waliutawala mji huo zaidi ya miaka 400, hata wakashindwa mwaka 1147, na jina la Alfama lina asili ya Kiarabu. Hata leo Mreno akitaka sukari husema “açúcar”, neno lililotoka katika Kiarabu kama lilivyotoka letu.

Kutoka Alfama tuliteremka hata mtaa wa Baixa. Hapo njia zimenyooka kama mistari ya daftari, na sababu yake ni msiba. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba mwaka 1755, Wakristo walipokuwa makanisani kwa sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko kubwa la ardhi liliuangusha mji. Bahari ikafurika, na moto ukateketeza yaliyosalia. Waziri wa mfalme, ambaye baadaye aliitwa Marquês de Pombal, aliamuru mtaa ujengwe upya, na nyumba zikatiwa viunzi vya mbao ndani ya kuta zake ili zistahimili tetemeko jingine. Kanisa la Carmo, lililo juu ya kilima, halina paa mpaka leo.

Ilipofika adhuhuri tulikuwa na njaa. “Mjomba,” mpwa wangu aliniambia, “hapa usiagize chakula bila ya kuuliza. Nguruwe hutiwa hata ndani ya supu.” Basi tukaagiza samaki wanaoitwa “bacalhau”, ambao Wareno huwapenda kuliko chakula chochote. Samaki hao hutiwa chumvi na kukaushwa, kisha hurowekwa siku nzima au zaidi kabla ya kupikwa. Sisi tulipikiwa pamoja na mayai, vitunguu na viazi vilivyokatwa vyembamba na kukaangwa. Nilipoonja nikacheka.

“Hii si ng'onda?” nikamwuliza.

“Ni ng'onda, Mjomba,” akajibu, “ila imetoka Norway.”

Alasiri tulikwenda Belém, mahali merikebu zilipokuwa ziking'oa nanga kwenda Afrika na Bara Hindi. Hapo pana nyumba kubwa ya watawa iitwayo Jerónimos, ambayo mfalme Manuel alianza kuijenga mwaka 1501 kwa kodi ya bidhaa zilizotoka katika safari hizo. Ndani ya kanisa lake, karibu na mlango, limo kaburi la Vasco da Gama. Alifia Bara Hindi mwaka 1524, na mifupa yake ikarudishwa kwao baadaye. Sanamu yake ya mawe imelala chali, mikono imeunganishwa kama mtu anayeomba. Nilisimama hapo kitambo. Nilidhani nitakasirika, lakini nilichosikia moyoni ni mshangao tu, kwamba mtu aliyeibadili pwani yetu amelala kimya namna hii huku wageni wakimpiga picha.

Kando ya mto upo mnara wenye umbo la merikebu, uliojengwa kwa zege na mawe mwaka 1960. Juu yake zimechongwa sanamu za wakuu, mabaharia na mapadri. Sikumwona yule rubani aliyewaongoza kutoka Malindi mpaka Bara Hindi.

Tulimaliza siku kwa vikeki vya duka moja la Belém lililofunguliwa mwaka 1837. Ni vikeki vya duara, vimejazwa mayai, maziwa na sukari, na juu vimeungua kidogo. Mtu hunyunyiza mdalasini, akanywa na kahawa nyeusi katika kikombe kidogo kama kile cha kahawa chungu ya Mombasa. Nilikula vinne. Jua lilikuwa bado juu, kwa sababu mwezi wa Juni huko halichwi mpaka saa tatu ya usiku.

Jumapili tulikwenda katika jumba la makumbusho la sanaa za kale. Huko, ndani ya sanduku la kioo, mna chombo cha dhahabu cha kuwekea mkate mtakatifu wa Wakristo, kimo chake sentimita zipatazo 73. Katikati yake mitume kumi na wawili wamepiga magoti, na kitakoni yameandikwa maneno kwamba mfalme Manuel aliagiza kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, kikamalizika mwaka 1506. Kodi hiyo Vasco da Gama aliitoza kwa vitisho mwaka 1502. Mwaka 1505, kabla chombo hakijamalizika, merikebu za Wareno zilirudi, zikaiteka Kilwa na kuichoma moto Mombasa.

Mpwa wangu akaninong'oneza, “Mjomba, je, dhahabu hii irudishwe?”

Nikamwambia kwamba wa kwanza kuulizwa ni watu wa Kilwa wenyewe. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Wewe umepata kufika Kilwa?”

Sikuwa na la kujibu. Nimekwenda Ulaya kwa ndege, lakini msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao magofu yake yasimama mpaka leo, sijauona kwa macho yangu.

Jioni tulikula kuku wa kuchoma aliyepakwa pilipili, ambayo Wareno huiita “piri-piri”. Tulikaa mezani tukihesabu maneno waliyotuachia wao: meza yenyewe, bendera, leso, na gereza, ambalo kwao maana yake ni kanisa. Anayeweza kwenda Lisbon na aende, kwani mji ni mzuri na chakula chake ni kitamu. Lakini mimi, Mungu akijalia, safari yangu ijayo ni ya Kilwa, na mpwa wangu nitakwenda naye.