Mama Aliyejifungua na Simu ya Nyumbani

Akina mama wengi siku hizi hujifungulia hospitalini, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini baada ya siku moja hivi mama huruhusiwa kurudi nyumbani, na huko ndiko sisi tunaotembelea familia tunamkuta: mtoto kando yake, kliniki mbali, nauli ya bodaboda hakuna, na majirani ambao kila mmoja ana ushauri wake. Penye mila ya siku 40, hata mlangoni hatoki.

Ndiyo sababu kumetokea njia ya kumfuata kwa simu. Hapa Kenya shirika la Jacaranda Health lina huduma iitwayo PROMPTS. Mama huandikishwa, kisha hutumiwa ujumbe mfupi kulingana na umri wa mimba na baadaye umri wa mtoto. Halipi kitu, na ile simu ndogo ya mulika mwizi yatosha. Zaidi ya hayo, yeye naye aweza kuuliza, kwa Kiswahili au Kiingereza. Kompyuta huyachambua maswali ili yale ya hatari yashughulikiwe kwanza.

Tuseme siku ya tano mama anaandika kwamba kichwa kinamuuma sana na anaona ukungu. Nyanya aliyeko nyumbani atasema ni uchovu, anywe uji alale. Uji si mbaya. Lakini presha ya mimba haiishi pale mtoto anapotoka; kifafa cha mimba chaweza kumshika mama hata baada ya kujifungua, na chaua. Jibu ni moja tu: nenda hospitali leo, usingoje kesho. Vivyo hivyo damu nyingi inayolowanisha kitambaa upesi, homa, uchafu unaonuka, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kupumua kwa shida.

Kwa mtoto, angalieni akikataa kunyonya, mwili ukiwa moto au baridi, akipumua mbio, akipata degedege, au manjano ikifika viganjani na kwenye nyayo. Kitovu kikitoa usaha, pelekeni. Na msikipake majivu wala kinyesi cha ng'ombe, hata aliyeshauri akiwa mzee wa kuheshimiwa.

Tena kuna machozi. Kulia kulia siku za kwanza ni kawaida. Ikipita wiki 2 na mama bado hana raha, hali, hamtaki mtoto, huo ni ugonjwa na unatibika. Si uvivu, wala hakurogwa.

Basi simu haipimi presha. Shirika la Afya Duniani lashauri mama na mtoto waonwe angalau mara 4: ndani ya saa 24, siku ya pili au ya tatu, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya 6. Ujumbe humkumbusha tu. Aliye karibu zaidi ni mhamasishaji wa afya ya jamii. Mwaka 2023 serikali ilizindua kundi la wahamasishaji 100,000 na kuwapa vifaa na simu. Mwiteni nyumbani.

Shida tunayoiona sana ni hii: simu ni ya nani? Mara nyingi ni ya baba, naye yuko kazini. Ujumbe unaingia asubuhi, anausoma jioni, au anaufuta kwa haya. Kina baba, habari ya damu ya mkeo si ya kuonea haya. Msomee. Ikiwezekana muachie simu kwa wiki hizo 6, ama aandikishe namba ya dada au jirani anayemwamini.

Mkienda kliniki, bebeni kitabu cha mama na mtoto, mwulize nesi kama kituo chenu kinaandikisha. Siku hiyo hiyo wekeni kwenye simu namba ya kituo na ya mwenye bodaboda aliyekubali kuja hata usiku wa manane.