Sura ya Pili: Kadi Nne Mezani

Kila nikikutana na Mswahili mwenzangu hapa Marekani akaniuliza nafundisha somo gani, nikijibu "falsafa" hupata moja ya majibu matatu. Mmoja atanitolea methali mbili tatu na kusema kwamba hata bibi yake alikuwa mwanafalsafa. Mwingine atashusha sauti aniulize kama bado naswali. Wa tatu huwa mzazi ambaye mwanawe ameanza chuo cha jamii, naye hutaka kujua kwa nini mtoto anayesomea uuguzi alipishwe ada ya somo la namna hiyo. Sura hii nimekusudia kuwajibu wote watatu.

Mwenye methali kwanza. Methali nazipenda, lakini haziamui kitu. "Haraka haraka haina baraka," na papo hapo "ngoja ngoja huumiza matumbo." Falsafa inaanza pale unapouliza ipi inakufaa leo na kwa sababu gani. Ukiishia kwenye kutaja tu, umepamba mazungumzo. Na ninapowasikia hawa wahamasishaji wa siku hizi wakimwambia mtu kwamba akiwaza utajiri kwa nguvu utajiri utamfuata, kisha wakaiita hiyo "falsafa ya mafanikio", nasikia uchungu, maana wanaouza maneno hayo wanawauzia watu wenye shida.

Anayehofia ukafiri namkumbusha kwamba neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, nao walilipata kwa Wagiriki. Ibn Sina, tabibu ambaye vitabu vyake vya uganga vilisomeshwa Ulaya kwa karne kadhaa, alikuwa mwanafalsafa. Hata al-Ghazali, aliyewashambulia wanafalsafa kwa kitabu kizima, aliitetea mantiki na kutaka wanachuoni waijue. Mantiki ndiyo fani yangu, na hapa lazima nisimame kidogo.

Soma hoja hii: kila ng'ombe ana miguu minne, meza hii ina miguu minne, basi meza hii ni ng'ombe. Utacheka. Sasa soma hii: mwenye malaria hupata homa, mtoto huyu ana homa, basi ana malaria. Hapo hucheki, pengine hata umeitikia kwa kichwa. Na hii: aliyerogwa hudhoofika, jirani anadhoofika, basi amerogwa. Hoja zote tatu zina mifupa ile ile, na mifupa hiyo imevunjika mahali pamoja. Kitangulizi kimesema A huleta B. Hakikusema kwamba B haiji ila kwa A. Mtoto anaweza kuwa na malaria kweli, lakini ukweli huo hautakuwa umetokana na hoja yako. Utakuwa umebahatisha.

Wanafunzi huniambia kosa hili ni la wajinga. Ndipo ninapoweka kadi nne mezani. Jaribio hili alilibuni Peter Wason, mwanasaikolojia wa London, mwaka 1966. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Unachoona ni A, K, 4 na 7. Kanuni inasema: kadi yenye irabu upande mmoja ina namba shufwa upande wa pili. Ni kadi zipi lazima uzigeuze ili ujue kama kanuni imevunjwa?

Chagua kabla hujaendelea.

Walio wengi, wakiwemo wasomi, huchagua A na 4. A ni sahihi. Lakini 4 haina la kukuambia: nyuma yake pakiwa na K, kanuni haikukataza konsonanti kukaa na namba shufwa. Kadi ya pili ni 7. Nyuma yake pakiwa na irabu, kanuni imekwisha. Tunaikimbilia 4 kwa sababu inafanana na tunachotafuta, na tunaipita 7 ambayo peke yake, pamoja na A, ingeweza kutukatalia.

Mwaka 1982 Griggs na Cox walilirudia jaribio huko Florida kwa sura nyingine. Kanuni: anayekunywa bia awe amepita miaka 19. Kadi: bia, koka, miaka 22, miaka 16. Safari hii wengi walipata. Walijua mara moja kwamba wa kukaguliwa ni mnywa bia na kijana wa miaka 16. Wataalamu wanabishana sababu mpaka leo. Mimi najifunza hili: uwezo tunao, ila unalala tusipozoea kuuamsha.

Sasa mpelekee mganga wa kienyeji kadi hizo. Mgonjwa akipona, dawa imefanya kazi. Akifa, mchawi alikuwa na nguvu zaidi. Ramli haina kadi ya 7 hata moja, na watu wanaiona hiyo kuwa ni nguvu yake! Vikongwe wameuawa kwa hoja ya meza na ng'ombe.

Mzazi nimemweka mwisho. Chuo cha jamii ni chuo cha umma cha miaka miwili. Kile cha Joliet, Illinois, kilianza mwaka 1901 na wanafunzi sita, ili vijana waanze elimu ya juu bila kuhama mji wao. Ada ni nafuu, na mara nyingi alama za somo langu huhamia chuo kikuu. Hilo la ada. La uuguzi ni hili: hadi Shirika la Afya Duniani lilipotaka, mwaka 2010, kila anayeshukiwa malaria apimwe kabla ya kutibiwa, zahanati nyingi kwetu zilichukua homa kuwa malaria, na mtoto mwenye nimonia akarudishwa nyumbani na dawa za malaria.

Muhula mmoja nilikuwa na mama aliyekuja darasani akitoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Alinisimulia kuhusu mzee aliyeanza ghafla kupotewa na fahamu za mahali na watu. Wenzake walisema ni akili ya uzee, kwa kuwa wenye maradhi hayo huchanganyikiwa. Yeye aliuliza ni kipi kingine kinachomchanganya mzee kwa siku mbili tu, akaomba mkojo upimwe. Ulikuwa na maambukizi, na dawa ilianza siku hiyo hiyo.