Kabla hujaiita redio mbovu, tazama ilivyopangwa

WIKI moja baada ya kununua redio ya kidijitali Kariakoo, mwandishi wa safu hii aliamshwa saa tisa usiku na taarabu iliyokuwa ikirindima sebuleni. Hakuna aliyeiwasha. Usiku wa pili, saa ile ile, ikawaka tena. Jirani alipoambiwa akataja majini. Muuzaji alipopelekewa asubuhi hakuuliza mengi, akatoa nyingine. Ile nyingine nayo ikawaka saa tisa usiku.

Kumbe kijana wa nyumbani alitaka asipitwe na kipindi cha saa tatu asubuhi, akategesha kengele ya redio kwenye 3:00. Redio haihesabu saa za Kiswahili. Kwake 3:00 ni saa tisa usiku, na saa tatu asubuhi huandikwa 9:00. Mashine ilitii amri kama ilivyopewa.

Nyumbani kisa hicho kiliishia kwenye kicheko, lakini dukani kiliacha hasara. Redio ya kwanza, nzima kabisa, ilikwisha kutupwa kwenye kona ya mali mbovu.

Hesabu ya kona hiyo

Tuseme muuzaji ameingiza redio 20 kwa Sh 40,000 kila moja. Mtaji wake ni Sh 800,000. Anauza kwa Sh 48,000, akitarajia faida ya Sh 160,000 kabla ya kodi ya pango na usafiri. Wateja wanne wanarudisha redio zao, naye anawabadilishia kutoka shehena hiyo hiyo. Mwisho wa siku amewauzia wateja 16 tu na mkononi ana Sh 768,000. Faida imeyeyuka na mtaji wenyewe umepungua kwa Sh 32,000, huku redio nne zikikaa stoo.

Kama hizo nne kweli zimeungua, hiyo ni bahati mbaya ya biashara. Kama ni nzima, ni fedha iliyofungiwa stoo kwa sababu hakuna aliyetumia dakika tano kuzikagua.

Redio ya zamani yenye mshale ilikuwa ikidhoofika taratibu. Betri zikichoka, sauti ilififia na mwenye nyumba akajua. Redio ya kidijitali ina kompyuta ndogo ndani yake. Ama inafanya kazi sawasawa, ama inazima ghafla, inaganda au inasahau kila kitu. Ndiyo maana vituko vyake vinatisha kuliko ugonjwa wenyewe.

Neno moja, mali mbili

Kabla ya dalili, kuna suala la jina. Redio nyingi zinazouzwa Kariakoo kwa jina la dijitali hupokea matangazo yale yale ya FM. Kilicho cha kidijitali ni kioo chenye tarakimu na namna ya kutafuta vituo. Redio za aina ya pili ni zile zilizotengenezewa matangazo ya kidijitali yenyewe, yanayojulikana kama DAB. BBC ilianza kuyarusha Uingereza mwaka 1995, na Norway iliviondoa vituo vyake vya taifa kwenye FM mwaka 2017.

Wateja wengi huchanganya mambo haya kwa sababu wanakumbuka televisheni. Mitambo ya analojia ya televisheni ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kila nyumba ililazimika kuwa na king'amuzi. Redio haikupitia njia hiyo. Msikilizaji wa hapa bado anategemea FM. Redio ya mtumba kutoka Ulaya ikiwashwa upande wa DAB itatafuta mpaka mwisho na kuandika kwamba hakuna kituo. Haijafa. Ihamishie FM. Kama haina FM kabisa, usiinunue kwa bei yoyote.

Redio iliyopangwa kwa nchi nyingine

Kundi la pili la malalamiko linatokana na mahali redio ilikotengenezewa soko. Wenye magari ya mtumba kutoka Japani wanalifahamu. FM ya Japani huanza megahezi 76 na kwa miaka mingi iliishia 90. Redio mpya zaidi za huko hufika 95. Sisi tunatumia 87.5 hadi 108. Redio ya saa ya mezani kutoka Japani itashika vituo vichache vya mwanzo na kunyamaza kwa vilivyobaki. Hapo hakuna kitufe cha kurekebisha. Kipunguze kwenye bei au kiache.

Zile zilizotengenezewa Marekani zina kituko kingine. FM yao huruka hatua mbili mbili: 98.1, 98.3, 98.5. Capital FM ya Nairobi iko 98.4, kwa hiyo redio hiyo itapita juu yake au kuishika kwa mkwaruzo. Kwenye mawimbi ya kati, Marekani huruka kwa kilohezi 10, wakati Afrika hutumia 9. Kituo cha kilohezi 657 hakiwezi kufikiwa barabara na redio inayojua 650 na 660 tu. Mteja atasema sauti ina mikwaruzo, na fundi asiyeuliza ataanza kuchomoa vipuri.

Habari njema ni kwamba redio nyingi za aina hii zina njia ya kubadili. Nyingine zina swichi ndogo mgongoni au chini ya mfuniko wa betri, nyingine hubadilishwa kwa kushikilia kitufe fulani zikiwa zimezimwa. Kijitabu kilichomo kwenye boksi hueleza, kwa hiyo muuzaji asikitupe.

Umeme nao utazamwe. Japani hutumia volti 100 na Marekani 120, sisi 230. Soma maandishi kwenye adapta kabla ya kuchomeka. Iliyoandikwa 100 hadi 240 ni salama. Iliyoandikwa 100 au 120 peke yake itaungua, na hapo mpangilio hauhusiki tena.

Inazima yenyewe, inawaka yenyewe

Redio inayozima sauti ikiongezwa, kisha ikajiwasha upya, mara nyingi ina njaa ya umeme. Spika ikipiga besi huvuta nguvu nyingi kwa mara moja, volti hushuka, na kompyuta ndogo ndani huanza upya. Weka betri mpya za aina moja au tumia adapta yenye nguvu iliyoandikwa mgongoni mwa redio. Chaja ya simu ya bei nafuu mara nyingi haitoshi.

Inayozima kila baada ya saa moja au saa moja na nusu huenda imewekewa muda wa kulala, yaani kitufe kilichoandikwa SLEEP. Vitufe visipoitikia kabisa, tafuta alama ya kufuli kwenye kioo, kisha bonyeza LOCK kwa sekunde chache. Ikiwa imeganda, chomoa waya, toa betri zote, subiri dakika tano, rudisha.

Inayosahau vituo na saa kila umeme unapokatika si lazima iwe na hitilafu. Baadhi huhifadhi kumbukumbu kwa msaada wa betri ndogo. Betri hiyo ikiisha au isipowekwa, kila kukatika kwa umeme ni kuzaliwa upya.

Kelele za jirani

Mngurumo kwenye mawimbi ya kati mara nyingi hautoki ndani ya redio. Taa za LED za bei ya chini, chaja za simu na mitambo ya sola hutoa kelele inayomezwa na redio. Tumia betri, ondoka mita chache kutoka ukutani, zima taa moja moja. Kelele ikipungua, umempata mkosaji.

Kwa wanaokaa karibu na minara, tatizo hugeuka. Vituo viwili husikika pamoja, au kimoja hutokea mahali pengi kwenye kioo. Hapo mawimbi yamezidi. Fupisha antena, au kama ipo swichi ya LOCAL na DX, iweke LOCAL.

Utaratibu wa dakika tano

Mteja akirudisha redio, muuzaji afuate mpangilio huu. Kwanza, amuulize imefanya nini, lini, na ikiwa imechomekwa wapi. Pili, atoe betri na waya, asubiri, arudishe. Tatu, aijaribu kwa betri mpya, kisha kwa adapta. Nne, atazame kengele, SLEEP na kufuli. Tano, akague hatua za masafa kwa kutafuta kituo anachokijua. Ikishindwa yote hayo, hapo ndipo fundi aitwe. Yenye harufu ya kuungua au iliyoingia maji isijaribiwe kabisa.

Kwa mwekezaji mdogo anayenunua kwa jumla, ushauri wetu ni kufungua boksi moja katika kila katoni mbele ya muuzaji na kuipitisha redio kwenye ukaguzi huo kabla ya kulipa. Akigundua redio zinazoruka hatua mbili mbili na hazina swichi, ana sababu ya kushusha bei au kuondoka. Baada ya kulipa hana.

Na anapouza, amsaidie mteja kupanga saa na vituo hapo hapo kaunta, amwambie pia kwamba saa tatu asubuhi huandikwa 9:00. Maelezo hayo hayana gharama, na huenda yakaiokoa faida ya redio hiyo.