Hori Tupu: Noeli ya Watoto Wadogo Asumbi

Katika nchi ya Wajaluo iliyo kusini ya Ghuba ya Winam, jina la Asumbi hutajwa pamoja na kanisa, shule na chuo cha ualimu, kwa kuwa hapo wamisionari wa Mill Hill, waliokuwa wamefika Kisumu mwaka 1903, walijenga mojawapo ya misheni zao za awali, na hapo ndipo yalipo makao ya Masista Wafransisko wa Mtakatifu Yosefu. Mtu angedhani, basi, kwamba mtoto wa hapo hana haja ya kufundishwa maana ya Noeli. Walakini Desemba inapowadia, shule zimefungwa, na magari ya kutoka Nairobi na Mombasa yanateremsha jamaa na mizigo yao, masikio ya mtoto hujaa habari za nguo mpya, soda na chapati, na yule Mtoto aliyezaliwa Bethlehemu husahauliwa katika karamu yake mwenyewe.

Chapati sizilaumu, wala nguo mpya. Furaha ya mwili ni halali siku ambayo Neno alifanyika mwili. Ninaloshikilia ni kwamba mtoto mdogo haionji sikukuu asiyoingoja, na kungoja huko sharti kuwe na kitu cha kushikwa kwa mikono yake. Ndiyo sababu Kanisa likaweka Jumapili nne za Majilio, na mavazi ya zambarau ambayo Jumapili ya tatu huweza kubadilishwa kwa rangi ya waridi. Yasimuliwa kwamba Mchungaji Johann Hinrich Wichern, Mlutheri wa Hamburg, aliyewatunza watoto maskini, alichoshwa na maswali yao ya kila siku kuhusu lini Noeli itafika, naye mwaka 1839 akatundika gurudumu lenye mishumaa wapate kujihesabia wenyewe.

Lakini kwa Asumbi lipo jambo lililo karibu zaidi, nalo ni pango la Noeli. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, Fransisko wa Assisi aliagiza hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda, ili watu wautazame kwa macho umaskini ambao Mwana wa Mungu alizaliwa nao. Hakika hakuna nchi iwezayo kumfuata kwa wepesi kuliko hii, ambamo watoto tangu zamani hufinyanga ng'ombe wa udongo kwa mchezo, na ambayo jirani zake, mafundi wa Tabaka upande wa Kisii, huchonga Familia Takatifu katika jiwe la sabuni. Wapewe udongo, wafinyange wenyewe, hata punda akitoka na masikio ya sungura. Na hori liachwe tupu mpaka usiku wa mkesha, kila tendo jema la mtoto likitiwa humo unyasi mmoja, ili Bwana alazwe juu ya kazi ya mikono midogo.

Na habari yenyewe nani aisimulie? Wajaluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi mkongwe aliyeitwa pim, ambamo watoto walilala wakisikiliza ngano na kufunzwa adabu. Bibi aliyebatizwa anastahili kukirudia kiti cha pim jioni za Majilio, aisimulie Injili ya Luka kwa Kijaluo, kipande kimoja kila usiku, akikatiza palipo tamu ili kesho waje tena.

Siku ya Noeli yenyewe, mtoto akisinzia Misani pajani mwa mama asikemewe. Afadhali, baadaye, achukue kwa mkono wake karanga au kuku mpaka nyumba ya yatima, ambao ukimwi umewaacha wengi katika nchi hii; kwa maana tangu mwaka 1843, Askofu Charles de Forbin-Janson alipoanzisha shirika la Utoto Mtakatifu, Kanisa limewahimiza watoto wasaidie watoto wenzao.

Wala pango lisibomolewe tarehe 26. Mamajusi, ambao Mathayo hakutaja idadi yao, hivyo watoto wawafinyange wengi kadiri wapendavyo, waanzie safari mlangoni na wasogezwe kidogo kila siku hadi Tokeo la Bwana, pengine wakifika hatimaye wakati sare za shule zinapoanza kupigwa pasi.