Fahamu: Kwa nini mazingira ya maktaba humvuta au humfukuza mwanafunzi

Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa Novemba 2018, ina uwezo wa kuhudumia watu 2,100 kwa wakati mmoja na kuhifadhi vitabu 800,000. Lakini vitabu pekee havimkalishi mwanafunzi kitini.

Kinachomkalisha ni hewa, mwanga, utulivu na umeme. Kwa joto la Pwani, ukumbi usio na feni wala kiyoyozi humchosha msomaji hata kabla ya adhuhuri. Wakati wa mitihani, viti vya ukutani, karibu na soketi, ndivyo hugombewa: kompyuta mpakato ikiisha chaji, kusoma nako kumekwisha. Wanaojadiliana kwa vikundi wasipopewa vyumba vyao, wanaotaka kimya huhamia bwenini, na huko kuna redio, soga na usingizi.

Kwangu mimi, saa za kufungua ndizo husahaulika zaidi. Anayesoma huku akifanya kazi hafaidiki na maktaba inayofungwa saa kumi na mbili jioni.

Wakuu wa vyuo, kabla ya kuagiza vitabu vingine, kaeni maktabani mchana mmoja wa Februari mkisoma.