Daily Bugle: picha ya kweli, maneno ya uongo

Wapenzi wa sinema za Spider-Man wa Kasulu na Kibondo hutuuliza: gazeti la Daily Bugle linauzwa wapi? Haliuzwi popote; ni la kubuni, la New York ya hadithini. Mwenye gazeti, J. Jonah Jameson, alianza kuonekana katika vitabu vya katuni Marekani mwaka 1963, na humo alikuwa na jarida jingine, Now. Kijana Peter Parker humuuzia picha za Spider-Man, kumbe ndiye yeye mwenyewe! Picha ni za kweli kabisa. Jameson huziandikia kuwa huyo ni mhalifu.

Kwenye simu ni hivyo hivyo. Picha halisi ya wakimbizi wa Nduta au Nyarugusu yaweza kusambazwa na maneno ya kutungwa. Sisi tukitumiwa picha, kabla hatujaitangaza tunauliza: kapiga nani, wapi, lini?