Kazi ya Ofisi, Nywila ya Nani?

Mwaka 2017, kwa msaada wa mradi wa PS3 uliofadhiliwa na Marekani, halmashauri za Tanzania Bara zilipata tovuti za sura moja, Ngara na Biharamulo zikiwemo. Mkazi wa Rulenge kule Ngara au wa Nyakahura kule Biharamulo akaweza kusoma kwenye simu tangazo la nafasi ya Mtendaji wa Kijiji bila kulipa nauli hadi kwenye ubao wa matangazo wa makao makuu.

Tovuti yoyote ya namna hii ina kazi ndogondogo zinazoweza kujiendesha kwa ratiba: kuondoa tangazo lililopitwa na tarehe, kupunguza uzito wa picha ili zifunguke penye mtandao dhaifu, kutunza nakala rudufu. Lakini kompyuta haifanyi jambo bila jina la mtumiaji. Je, kazi hizo zinafanyika kwa jina la nani?

Njia ya mkato, ambayo ni ya hatari, ni Afisa TEHAMA kuweka nywila yake mwenyewe ndani ya programu. Siku anayohamishwa, balaa huja kwa mlango mmoja kati ya miwili. Akaunti yake ikifungwa, kazi zote zinakufa kimyakimya, na pengine hakuna atakayejua mpaka siku nakala rudufu itakapohitajika. Ikiachwa wazi, mtu ambaye si mtumishi tena wa halmashauri ile anabaki na ufunguo wa nyumba nzima.

Tiba yake ni akaunti ya huduma, yaani akaunti ya kazi yenyewe. Barua ya halmashauri husainiwa "Kny: Mkurugenzi Mtendaji", na wakurugenzi hubadilika bila barua kupoteza nguvu; vivyo hivyo, akaunti hii hubeba cheo, si mtu. Hunyimwa uwezo wa kufungua skrini na kuingia kama binadamu. Ya kuondoa matangazo iondoe matangazo tu. Isiguse nywila za wengine wala taarifa za fedha. Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliiweka kanuni hiyo wazi mwaka 1975: kila programu ipewe ruhusa zile tu inazozihitaji.

Ratiba nayo ina mitego yake. WordPress, mfumo unaotumiwa na tovuti nyingi duniani, kwa kawaida hukagua ratiba pale mgeni anapofungua ukurasa. Kwa mfano, chama cha ushirika cha kahawa ambacho tovuti yake haina wageni usiku kitakuta kazi ya saa 8 usiku imefanyika asubuhi, mgeni wa kwanza alipoingia. Ndiyo maana ni heri ratiba ishikwe na seva, chini ya akaunti ya huduma. Hapo tena iangaliwe saa: seva nyingi huhesabu kwa UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa 3. Tangazo linalofungwa saa 9:30 alasiri litabaki hewani hadi saa 12:30 jioni, na mwombaji atakayetuma barua saa 11 ataamini kwamba amewahi.

Kinachonigusa zaidi ni uaminifu wa taarifa. Januari 20, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuthibitishwa kwa virusi vya Marburg wilayani Biharamulo; mlipuko ulitangazwa kumalizika Machi 13. Katika majuma kama hayo, tangazo la afya likitoweka kwenye ukurasa wa serikali, lazima ijulikane papo hapo kama limeondolewa na ratiba, na mtumishi au na mvamizi. Kumbukumbu za seva zikionyesha jina moja tu, "admin", kwa kila tendo, hakuna wa kuulizwa. Kazi ya ratiba ikiwa na jina lake, tendo lolote la ajabu linaonekana.

Akaunti ya huduma inahitaji mlezi wa kibinadamu aliyetajwa kwa maandishi. Katika hati ya makabidhiano ya ofisi, baada ya gari, kompyuta na mafaili, ziorodheshwe akaunti hizo zote, na funguo zake zibadilishwe siku hiyohiyo, kabla anayeondoka hajapanda basi.